Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Rafiki wa kukushika mkono



Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu katika imani. Tumeshaingia kumi la pili. Saumu imezoeleka, njaa ya saa tisa alasiri haitushtui tena, na safu za nyuma kwenye tarawehe zimeanza kupungua, tusidanganyane. Leo naomba tuitazame ibada moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ibada. Haina udhu, haina rakaa, na ni wachache walioiandika kwenye ratiba ya mwezi huu pamoja na juzuu na sadaka. Ibada hiyo ni urafiki.

Najua kuna atakayeguna: "Ustaadhi, urafiki nao umekuwa ibada? Mbona marafiki tunao tele?" Ni kweli tunao. Wa kijiweni, wa kwenye mashine za mpunga, wa kikoba, wa kuegesha bodaboda pamoja kutwa nzima. Tujiulize basi: wanatufanyia nini hawa, na sisi tunawafanyia nini?

*Rafiki wa kuitikia tu*

Tuwe wakweli. Wengi tunaowaita marafiki tumewachagua kwa sababu wanatuitikia. Ukimlalamikia mke wako, anakwambia wanawake ndivyo walivyo. Ukisema jirani amesogeza mpaka wa shamba, anakwambia usikubali, mwonyeshe wewe ni nani, na hata huo mpaka wenyewe hajaenda kuuona. Umechukua mkopo wa kausha damu, dhamana ni mpunga ambao bado haujatoa masuke, naye anakupiga bega na kusema Mungu atajalia. Ukiachana naye unajisikia mwepesi. Umesikilizwa, umeungwa mkono. Lakini kosa lako umeondoka nalo vilevile, na sasa limepata mtetezi.

Allah (S.W.) ametuonya. Katika sura ya Al-Furqan anatajwa mtu ambaye Siku ya Kiyama atajiuma mikono kwa majuto, akitamani laiti asingemfanya fulani kuwa rafiki yake. Hebu tulitazame hili vizuri. Mtu huyu anamjutia nani? Hamjutii adui, maana adui alimjua na alijihadhari naye. Anamjutia mtu aliyekaa naye, akala naye, akacheka naye. Na katika Az-Zukhruf tunafahamishwa kuwa marafiki siku hiyo watakuwa maadui wao kwa wao, isipokuwa wachamungu.

Kumbe urafiki tutaulizwa. Na jambo la kuulizwa lina namna ya kulifanya sawasawa na namna ya kuliharibu, kama ilivyo swala.

*Salman na Abu Dardaa*

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, waliohama kutoka Makka walifika wengi wao mikono mitupu. Wenyeji, yaani Ansari, walikuwa wakulima wenye mitende. Angeweza kusimama mbele ya watu akatangaza kwamba kuanzia leo nyote ni ndugu, yakaisha. Alifanya zaidi ya hapo. Aliwaunganisha watu wawili wawili, mgeni na mwenyeji, kila mmoja akajua ndugu yake ni nani kwa jina.

Mwanzoni Ansari walitaka mitende yao igawanywe nusu kwa nusu na wageni. Mtume hakukubali. Wakaafikiana kwamba wageni washiriki kazi ya shamba, kisha mavuno wagawane. Nyie mnaolima mnajua maana yake. Wanaolima pamoja hawawezi kubaki wanajuana kwa salamu tu.

Miongoni mwa aliowaunganisha walikuwa Salman al-Farisi na Abu Dardaa (R.A.). Salman alitoka mbali, Uajemi, na alipitia utumwa mikononi mwa watu mbalimbali kabla ya kuwa huru. Abu Dardaa alikuwa mtu wa Madina, kwao.

Siku moja Salman alimtembelea nyumbani. Akamkuta mke wake, Ummu Dardaa, amevaa nguo zilizochakaa, hajijali. Akamuuliza kulikoni. Mama yule akamjibu kwamba ndugu yako huyu hana haja tena na mambo ya dunia. Abu Dardaa alipokuja akamwandalia mgeni chakula, yeye mwenyewe akasema amefunga. Ilikuwa saumu ya sunna, sio ya Ramadhani, tusije tukaelewana vibaya! Salman akakataa kula mpaka wale wote, na mwenyeji akafungua. Usiku ulipoingia Abu Dardaa akataka kuamka kuswali. Salman akamwambia alale. Akaamka tena, akaambiwa alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku, Salman ndiye aliyemwamsha, wakaswali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na mke wake ana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa akaenda kumsimulia Mtume (S.A.W.), naye akathibitisha kuwa Salman amesema kweli.

Tuitazame kazi aliyoifanya Salman.

Kwanza, alifika nyumbani. Hakutuma ujumbe. Aliona kwa macho yake jambo ambalo Abu Dardaa asingemwambia yeyote, maana kwake yeye halikuwa tatizo, lilikuwa uchamungu.

Pili, alimsikiliza mama wa nyumba ile. Angekuwa rafiki wa kuitikia, angemsifu mwenzake kwa funga na visimamo, akaaga na kuondoka. Yule mama angebaki na nguo zake zilezile.

Tatu, aliyerekebisha alikuwa mgeni, na aliyerekebishwa alikuwa mwenyeji. Kuna mambo watu wako wa karibu hawayaoni tena kwa sababu wameyazoea, au wote wanayo. Anayetoka pembeni anayaona.

Nne, hakusema akakimbia. Alikula naye, akalala pale, akaamka naye, akaswali naye. Alichomwambia kilikuwa kigumu, lakini alikisema akiwa upande wake.

Urafiki wa aina hii unaitwa ibada kwa haki. Unahitaji nia, unahitaji subira, na unaigusa nafsi mahali inapouma.

*Tuje kwetu bondeni*

Bonde letu la Kilombero lina historia ya kupokea wageni. Reli ya TAZARA ilipojengwa, 1970 hadi 1975, ilileta watu, na wengine hawakuondoka tena. Mashamba ya miwa kule juu yameleta wengine. Mpunga umeleta wengine. Wandamba, Wapogoro na Wabena wamejikuta majirani wa watu kutoka kila kona ya nchi. Na wamekuja wafugaji, Wasukuma, Wamang'ati na Wamaasai, na mifugo yao, wakitafuta nyasi na maji kwenye ardhi hii oevu ambayo tangu mwaka 2002 imo kwenye orodha ya dunia ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Tunajua yaliyofuata. Ng'ombe kwenye mpunga, mpunga kwenye mapito ya ng'ombe, mabishano ya mipaka, kesi, fimbo na mapanga. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa mifugo bondeni. Hapa sitafuti nani alikuwa na haki mwaka ule. Nasema tu kwamba operesheni inaweza kuhamisha ng'ombe, lakini kilichomo moyoni mwa mtu dhidi ya jirani yake inakiacha palepale.

Chukua mfano. Mkulima anafika shambani alfajiri, mpunga unakaribia kuzaa, anakuta robo heka imelala chini na kwato zimejaa kwenye matope. Ameshakopa. Watoto wanataka ada. Anapiga simu. Nani anakuja?

Wakija marafiki wa kuitikia, ndani ya nusu saa kuna vijana ishirini, kila mmoja na neno lake, kila neno linaongeza moto kidogo. Hakuna aliyepanga kuua. Lakini hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kusema tusubiri, kwa sababu atakayesema hivyo ataonekana mwoga au msaliti. Watu ishirini wanafanya jambo ambalo kila mmoja akiwa peke yake asingelifanya. Kisha wanaitana marafiki.

Hapo ndipo mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanapotushika. Aliwaamrisha masahaba wamsaidie ndugu yao akiwa mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa. Wakashangaa: huyu aliyedhulumiwa tunaelewa, huyo anayedhulumu tumsaidieje? Akawafahamisha kwamba kumsaidia ni kumzuia asidhulumu, kumshika mkono wake.

Fikiria uzito wa jambo hili. Kumzuia mtu kwa kawaida tunakuona ni kuwa dhidi yake. Mtume anakuita msaada. Na mkono ulioinua panga utaushikaje kama uko mbali naye? Mgeni akiushika atakatwa yeye. Anayeweza kuushika akasikilizwa ni yule aliyekula naye, aliyemzika naye baba yake, aliyemkopesha mbegu msimu uliopita. Urafiki wote ule wa miaka, ule wa chai na vicheko, ulikuwa ni akiba ya dakika hiyo moja.

Na upande wa pili vilevile. Mfugaji anayejua kwamba vijana wake usiku walipitisha ng'ombe kwenye shamba la mtu kwa makusudi, naye ananyamaza, anahitaji rafiki mfugaji mwenzake wa kumwambia: mzee, hapa tumekula riziki ya mtu, twende tukalipe kabla hajaja. Neno hilo likisemwa na mkulima ni shutuma. Likisemwa na rafiki ni dawa.

*"Lakini hawa si wenzetu"*

Kuna swali najua liko vichwani mwenu. Salman na Abu Dardaa wote walikuwa Waislamu. Wafugaji wengi hapa si Waislamu, na mjini Ifakara majirani zetu wengi ni Wakristo. Je, urafiki huu unawahusu?

Sura ya Al-Mumtahina inatufahamisha kwamba Allah hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na tukumbuke safari ya Hijra yenyewe. Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) walipokuwa wanasakwa, walimwajiri mwongoza njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo alikuwa bado kwenye dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili na siri ya mahali walipo. Akaja pangoni baada ya siku tatu kama walivyoahidiana. Waislamu duniani kote wanahesabu miaka yao kutokana na safari ambayo kiongozi wa njia yake hakuwa Mwislamu, na hakuwasaliti.

Na nani aliyewaletea maziwa pale pangoni? Mchungaji, Amir bin Fuhayra, aliyeswaga mifugo ya Abu Bakr jioni karibu na pango. Mtume mwenyewe alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka kabla ya utume. Kwa hiyo unapomdharau mchungaji anayepita na fimbo yake, kumbuka unaidharau kazi ya nani. Na waliompokea Mtume Madina walikuwa wakulima. Mfugaji anayemdharau mkulima naye alikumbuke hilo.

*Urafiki haufuti haki*

Tusielewane vibaya hapa pia. Siwaambii mkulima aliyeliwa mpunga wake asamehe tu kwa sababu tunataka urafiki. Mpunga ulioliwa una fidia, na fidia ilipwe. Kumwambia mtu asamehe wakati watoto wake hawana chakula, na wewe kwako magunia yamejaa, ni rahisi mno. Salman hakumwambia Ummu Dardaa avumilie. Alikwenda kwa mwenye kutakiwa kubadilika.

Tofauti inakuja kwenye namna haki inavyopatikana. Wasiojuana wakidaiana, kila mmoja anaona mwenzake anamwibia. Wanaojuana watabishana pia, lakini mmoja atakwenda kupima hasara pamoja na mwenzake, na watakubaliana idadi ya magunia. Vyombo vya sheria vipo na vina kazi yake. Ila ukisubiri kumfahamu mfugaji wa jirani siku ya kwanza kituoni, umechelewa. Namba yake ya simu uwe nayo kabla mpunga haujaliwa.

*Wazee wetu walilijua hili*

Na hata kabla hatujafungua vitabu, mila zetu zilikuwa na mlango wake. Angalia utani wa makabila. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19. Leo wajukuu zao ni watani. Mtani anaweza kukwambia ukweli ambao ndugu yako wa damu anaogopa kuusema, tena mbele ya watu, na huruhusiwi kukasirika. Mtani anakuja msibani anafanya kazi, anachekesha waliovunjika moyo. Waliokuwa wanauana wamepeana ruhusa ya kuambiana.

Utani una mipaka yake kwetu. Sura ya Al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na mazishi yetu yana adabu zake. Lakini ile busara iliyomo tuichukue. Wazee walielewa kwamba chuki ya jana haiondoki kwa kusahau. Inahitaji watu wapewe kazi ya kufanyiana, msimu hadi msimu, mpaka wawe na jambo jingine la kukumbukana.

*Kwa nini Ramadhani?*

Kwa sababu mwezi huu tunajifunza kujizuia. Mtu aliyeweza kuzuia mkono wake usiguse maji ya halali mchana kutwa, amepata zoezi la kuzuia mkono wake usimguse jirani. Lakini nafsi ni mjanja. Peke yako unaweza kufunga siku thelathini ukatoka na hasira zilezile, kwa sababu hakuna aliyekuwa karibu kukwambia kuwa unazo. Mtume (S.A.W.) alimfananisha muumini na kioo cha muumini mwenzake. Uso wako mwenyewe huwezi kuuona bila kitu kilichosimama mbele yako.

Tunaomba sana Allah abadilishe hali ya bonde letu. Tunaomba amani, mavuno, na Lumemo isifurike hadi majumbani. Tuendelee kuomba. Ila tusidhani mabadiliko yatashuka yakiwa yameshakamilika. Madina ilibadilika nyumba kwa nyumba, na katika nyumba moja ilibadilika kwa sababu mgeni mmoja aliangalia nguo za mama mmoja akauliza kulikoni.

*Kazi ya leo*

Mambo matatu tu, na yote yanawezekana kabla ya Idi.

1. Chagua mtu mmoja unayemwamini. Baada ya tarawehe mchukue pembeni, umuulize: "Ndugu yangu, kuna jambo gani langu umeliona ukashindwa kuniambia?" Akijibu, usijitetee. Nyamaza. Sema jazakallahu khayran, nenda kalale nalo. Kina mama vilevile, kwa dada au shoga unayemwamini.

2. Kama kuna rafiki yako anayeelekea kubaya, iwe mkopo, ugomvi, au anavyoiendesha nyumba yake, usilitangaze kwenye grupu. Mwendee. Kaa, kula naye futari. Kisha mwambie, na baada ya kumwambia usimwache peke yake.

3. Mkaribishe futari nyumbani mtu mmoja wa upande wa pili wa jambo linalokukera. Mkulima amkaribishe mfugaji, mfugaji amkaribishe mkulima, mwenye mashine amkaribishe anayemlalamikia mizani. Siku hiyo msizungumzie kesi. Ulizaneni habari za watoto.

Watu saba tumefahamishwa kuwa watakuwa kwenye kivuli cha Allah siku ambayo hakuna kivuli ila chake. Miongoni mwao wamo wawili waliopendana kwa ajili yake, wakakutana kwa hilo na wakaachana kwa hilo. Wametajwa wawili. Nafasi hiyo huwezi kuipata peke yako, hata ukikesha.

Yaa Allah, turuzuku marafiki wa kutushika mikono yetu inapokosea. Tufanye sisi kuwa marafiki wa namna hiyo. Zilainishe nyoyo za watu wa bonde hili, wenyeji na wageni, walimao na wafugao. Tupe uadilifu kwa tunaowadai na kwa wanaotudai. Zikubali funga zetu na uwarehemu waliotangulia. Aamin.

Ukiona ujumbe huu una faida, usiusambaze ovyo. Mtumie mmoja tu, yule ambaye muda mrefu umekuwa unasitasita kumwambia jambo. Kisha nenda ukamwone.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.